Studebaker: Kampuni ya wahunzi iliyovuma karne nzima, ikazimika na kuacha deni la uzeeni

MNAMO Desemba 9, 1963, wiki mbili na ushei baada ya kuuawa kwa Rais John F. Kennedy, wakazi wa mji wa South Bend, jimbo la Indiana nchini Marekani, walipokea habari nyingine ya huzuni. Kampuni ya Studebaker, iliyokuwa imewaajiri babu zao, baba zao na wao wenyewe, ilitangaza kwamba ingefunga kiwanda chake cha magari mjini humo.

Siku 11 baadaye, gari la mwisho lilitoka kiwandani. Watu wapatao 7,000 walipoteza kazi siku chache tu kabla ya Krismasi.

Studebaker si jina pekee la gari la Marekani lililotoweka. Packard, Hudson, DeSoto, Plymouth, Oldsmobile na Pontiac nayo yamebaki vitabuni na katika makavazi. Hata hivyo, kisa cha Studebaker kina mambo mawili yanayokitenga na visa hivyo vingine.

Kwanza, kati ya kampuni kubwa zilizokuwa zikiunda magari ya kukokotwa na farasi, Studebaker ndiyo iliyofaulu kuliko zote kuvuka hadi enzi ya injini. Pili, kuanguka kwake kulifichua jinsi ahadi ya malipo ya uzeeni ilivyoweza kuvunjwa bila sheria yoyote kukiukwa, na hatimaye Marekani ikalazimika kutunga sheria mpya.

Tanuri la wahunzi

Ukoo wa Studebaker ulitoka Ujerumani na kuwasili katika bandari ya Philadelphia mwaka wa 1736. Vizazi vichache baadaye, John Clement Studebaker alikuwa mhunzi na muundaji wa magari ya farasi katika jimbo la Pennsylvania, kabla ya kuhamia Ohio pamoja na jamaa yake.

Alikuwa bingwa wa kufua chuma, ila hakuwa bingwa wa kutafuta faida. Inasimuliwa kuwa katika karakana yake alitundika maneno ya Biblia yanayomwonya Mkristo asiwe na deni kwa mtu yeyote isipokuwa deni la upendo. Ajabu ni kwamba yeye mwenyewe alizongwa na madeni.

Alijaliwa wana watano: Henry, Clement, John Mohler, Peter na Jacob. Mnamo Februari 1852, Henry na Clement walifungua karakana yao ya uhunzi mjini South Bend. Mtaji wao ulikuwa dola 68 na vifaa vichache vya kufulia chuma.

Mwaka uliofuata, ndugu yao John alishika njia kuelekea California, ambako maelfu ya watu walikuwa wakikimbilia machimbo ya dhahabu. Nauli yake haikuwa pesa bali gari la farasi aliloliunda kwa mikono yake na kuukabidhi msafara aliosafiri nao.

Alipofika Placerville, aligundua kwamba pesa za uhakika hazikuwa ardhini. Zilikuwa katika mifuko ya wachimbaji, waliohitaji toroli za kubebea mchanga na mawe. John aliwaundia toroli kwa dola 10 moja, hata wakambandika jina la utani lililotokana na kazi hiyo.

Aliporejea South Bend mwaka wa 1858, alikuwa na akiba ya dola 8,000.

Pesa hizo zilifika wakati mwafaka. Karakana ilikuwa imeanza kupata kazi ya kuliundia jeshi la Marekani magari ya farasi, na Henry hakuwa na raha. Jamaa hiyo ilikuwa ya waumini wa dhehebu la Kikristo lililokataza vita, na dhamiri yake ikamsuta. John akanunua hisa zake, naye Henry akaenda zake kulima.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hadi 1865 vilipozuka, jeshi la Kaskazini lilihitaji magari mengi ya kubebea chakula, silaha na majeruhi. Vilipomalizika, walowezi waliokuwa wakielekea magharibi wakawa wateja wapya. Mwaka wa 1868 ndugu hao waliisajili biashara yao kuwa kampuni kamili.

Moto uliteketeza sehemu kubwa ya kiwanda mwaka wa 1872, ukarudi tena mwaka wa 1874. Lakini kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Kila mara walijenga upya, tena kwa ukubwa zaidi, hata wakawa wanajitangaza kuwa waundaji wakubwa zaidi wa magari ya farasi ulimwenguni.

Kutoka farasi hadi injini

Karne ya 20 ilipoingia, waundaji wengi wa magari ya farasi waliliona gari la injini kuwa mchezo wa matajiri ambao ungepita. Ndani ya Studebaker kwenyewe kulikuwa na ubishi. Aliyesukuma mabadiliko hasa ni Frederick Fish, wakili aliyemwoa binti ya John.

Gari la kwanza la Studebaker lisilohitaji farasi halikutumia petroli. Lilikuwa la umeme, na lilitoka mwaka wa 1902. Magari 20 pekee yaliuzwa mwaka huo, na mmoja wa walionunua alikuwa mvumbuzi Thomas Edison. Leo, wakati viwanda vya dunia nzima vinashindana kuuza magari ya betri, wengi hawafahamu kwamba kampuni hii ilianzia huko huko zaidi ya miaka 120 iliyopita.

Magari ya petroli yalifuata mwaka wa 1904, kwa ushirikiano na kampuni ya Garford ya Ohio. Baadaye Studebaker iliingia mkataba wa kuuza magari ya EMF yaliyoundwa Detroit, na mwaka wa 1911 ikaimeza kampuni hiyo.

EMF yalikuwa miongoni mwa magari yaliyouzwa zaidi Marekani, lakini sifa yake haikuwa njema. Wachekeshaji walidai kwamba herufi hizo tatu zilimaanisha gari la kutengenezwa kila asubuhi.

Studebaker iliona aibu. Iliwatuma mafundi wake kwa wateja wasioridhika, wakabadilisha vipuri vibovu kwa gharama ya kampuni. Hatua hiyo ilililinda jina ambalo wakulima wa Marekani walikuwa wameliamini kwa miaka 60.

John Mohler Studebaker, wa mwisho kati ya ndugu hao watano, alifariki mwaka wa 1917. Miaka michache baadaye, uundaji wa magari ya farasi ulikoma na kazi ya magari ya injini ikahamishwa kutoka Detroit na kukusanywa South Bend. Wahunzi walikuwa wamefaulu kuvuka.

Faida iliyokula mtaji

Aliyeshika usukani wakati huo ni Albert Erskine, mtaalamu wa hesabu aliyekuwa rais wa kampuni tangu mwaka wa 1915. Katika miaka ya 1920 mambo yalimnyookea. Studebaker ilijulikana kwa magari imara ya bei ya wastani. Mwaka wa 1926 ilifungua uwanja wake wa kufanyia magari majaribio nje ya mji, na mwaka wa 1928 ikainunua Pierce-Arrow, kampuni ya magari ya kifahari.

Kisha soko la hisa la New York likaporomoka mwaka wa 1929. Kampuni nyingi zilifunga mikanda, lakini Erskine aliamini kwamba dhoruba hiyo ingepita upesi. Aliendelea kuwalipa wenye hisa mgao mnono kuliko faida iliyopatikana. Pesa hizo zilitoka katika akiba, yaani katika mtaji wenyewe.

Aliongeza pia gari jipya la bei nafuu lililoitwa Rockne, kwa heshima ya Knute Rockne, kocha mashuhuri wa kandanda ya Kimarekani katika Chuo Kikuu cha Notre Dame kilicho karibu na South Bend. Kocha huyo alikuwa amefariki katika ajali ya ndege mwaka wa 1931. Jina lilipendwa, ila pesa za kulinunua gari hilo hazikuwepo mifukoni mwa watu.

Machi 1933 Studebaker ilishindwa kulipa madeni yake na ikawekwa chini ya wasimamizi walioteuliwa na mahakama. Mwezi Julai mwaka huo, Erskine alijiua.

Wakuu wawili wa kampuni hiyo, Paul Hoffman na Harold Vance, ndio walioiokoa. Waliiuza Pierce-Arrow, wakakiendesha kiwanda huku mahakama ikiwatazama, na mwaka wa 1935 wakairejesha kampuni katika hali ya kujitegemea. Hoffman huyo ndiye aliyeteuliwa mwaka wa 1948 kuusimamia Mpango wa Marshall, uliofufua uchumi wa Ulaya Magharibi baada ya vita.

Somo la mwaka wa 1933 lilikuwa wazi: anayegawa leo kile ambacho kingejenga kesho hujichimbia kaburi. Miaka ya mbele ingeonyesha kwamba somo hilo halikushika.

Vita na neema

Mwaka wa 1939 Studebaker ilizindua Champion, gari jepesi lililokunywa petroli kidogo. Muundo wake ulitoka kwa Raymond Loewy, mzaliwa wa Ufaransa aliyekuwa bingwa wa kubuni sura za vitu vingi, kuanzia magarimoshi hadi vyombo vya nyumbani. Champion lilipendwa na kuirejesha kampuni katika hesabu za faida.

Vita Vikuu vya Pili vilipofika, South Bend iligeuzwa karakana ya kijeshi. Studebaker iliunda injini za ndege za kivita, magari mepesi ya kupita kwenye theluji na matope, na malori ya US6 yapatayo 200,000.

Mengi ya malori hayo yalipelekwa Muungano wa Kisovieti kama msaada wa vita. Yalibeba wanajeshi na vyakula katika barabara za matope, na mengine yakafungwa juu yake mitambo ya kurushia roketi iliyojulikana kama Katyusha. Madereva wa Kisovieti waliyazoea hata wakalifupisha jina lake kuwa Studer.

Vita vilipomalizika, Wamarekani walikuwa na pesa na kiu ya magari. Kampuni kubwa zilirudi kuuza magari yaleyale ya kabla ya vita yaliyopakwa rangi upya. Studebaker iliwatangulia, na mwaka wa 1946 ikatoa magari yenye umbo jipya kabisa kwa ajili ya msimu wa 1947.

Mojawapo lilikuwa na kioo kikubwa cha nyuma kilichozunguka hadi ubavuni. Watu wakatania kwamba hawakuweza kujua kama lilikuwa likija au likienda. Utani huo ulikuwa tangazo la bure. Mwaka wa 1950 yalifuata magari yenye pua iliyofanana na ya ndege, na kwa msimu huo kampuni iliunda zaidi ya magari 300,000. Haijawahi kufikia kilele kama hicho kabla wala baada ya hapo.

Nyufa ukutani

Waswahili husema usipoziba ufa utajenga ukuta. Nyufa za Studebaker zilianza katika miaka hiyo hiyo ya neema.

Majengo ya kiwanda yalikuwa makuukuu, yenye ghorofa kadhaa, na bidhaa zilipandishwa na kuteremshwa badala ya kwenda mfululizo katika sakafu moja kama ilivyokuwa katika viwanda vipya vya washindani. Kila gari lilichukua muda mwingi zaidi wa mfanyakazi.

Aidha, wakuu wa kampuni walichelea mgomo. Gari lolote lililoundwa lilipata mnunuzi, hivyo kusimama kwa kazi hata siku moja kulikuwa hasara. Kila chama cha wafanyakazi kilipoleta dai, wakuu walikubali. Mishahara ikapanda kuliko ya Detroit na kanuni za kazi zikalegea.

Wenye hisa nao waliendelea kupokea mgao mzuri. Waliokosa mtetezi katika kugawana huko walikuwa mitambo na majengo.

Mwaka wa 1953 kampuni ilizindua magari ya milango miwili yaliyobuniwa na Robert Bourke katika ofisi ya Loewy. Yalikuwa ya chini, marefu na yasiyo na mapambo mengi, na hadi leo wapenzi wa magari huyahesabu miongoni mwa magari ya Marekani yenye sura nzuri zaidi kuwahi kuundwa.

Lakini urembo peke yake haukutosha. Kazi ilichelewa kuanza kwa sababu vipande vya mbele vya bodi havikuoana na fremu iliyonepa. Isitoshe, kampuni ilikuwa imetabiri kwamba wengi wangetaka magari ya milango minne. Wateja wakataka yale ya milango miwili, ambayo hayakuwepo ya kutosha.

Wakati huo huo, Ford na General Motors zilianza vita vya kuwania nafasi ya kwanza, zikiwamwagia wauzaji magari tele na kupunguza bei. Ndovu wawili walipigana, na nyasi zilizoumia zilikuwa Studebaker, Nash, Hudson, Packard na Kaiser. Uundaji wa Studebaker wa msimu wa 1954 haukufika hata magari 100,000.

Mwaka huo wafanyakazi walipiga kura kukubali kupunguziwa mishahara, baada ya kukataa mara ya kwanza. Walijua kwamba kazi yao ilikuwa hatarini.

Ndoa ya wagonjwa wawili

Oktoba 1954 Packard, kampuni ya magari ya kifahari kutoka Detroit, iliinunua Studebaker. Wengi walidhani aliyenunua ni tajiri. Kwa hakika ilikuwa ndoa ya wagonjwa wawili, kila mmoja akitarajia kuuguzwa na mwenzake.

Wakuu wa Packard waligundua baada ya kutia saini kwamba Studebaker ilihitaji kuuza magari mengi zaidi ya walivyoelezwa ili kuepuka hasara. Kufikia mwaka wa 1956 Packard ilikuwa imefunga kazi yake Detroit. Magari yaliyobeba jina hilo yaliundwa South Bend kwa muda mfupi, yakiwa Studebaker yaliyovalishwa mapambo mapya, na mwaka wa 1958 jina la Packard likafutika.

Chini ya Harold Churchill, mhandisi aliyekulia kiwandani humo, Studebaker ilijaribu njia nyingine. Ilichukua bodi yake ya zamani, ikaikata mbele na nyuma na kuunda gari dogo lililoitwa Lark. Lilizinduliwa kwa msimu wa 1959, wakati Wamarekani wengi walikuwa wamechoshwa na magari marefu yanayokunywa mafuta. Kampuni ikapata faida.

Nafuu hiyo haikudumu. Katika msimu wa 1960 kampuni tatu kubwa zilileta magari madogo yao: Corvair, Falcon na Valiant. Wauzaji wengi waliokuwa wamejiunga na Studebaker kwa sababu ya Lark wakarudi walikotoka.

Mwaka wa 1961 bodi ya wakurugenzi ilimwajiri Sherwood Egbert, mtu wa mbio na vitendo. Alimwita tena Loewy na kumtaka abuni gari la kuirejeshea kampuni mvuto wake. Loewy alijifungia na vijana wake katika nyumba moja huko Palm Springs, California, na baada ya wiki chache wakatoka na mchoro wa Avanti.

Avanti lilikuwa na bodi ya nyuzi za kioo, breki za diski magurudumu ya mbele, na uso usiofanana na gari lolote barabarani. Lilipoonyeshwa mwaka wa 1962, maombi ya kulinunua yalimiminika. Lakini kampuni iliyopewa kazi ya kutengeneza vipande vya bodi ilileta vipande visivyooana, na miezi ikapita. Wanunuzi wakachoka kungoja. Kwa jumla, Studebaker haikuunda hata Avanti 5,000.

Bodi ya wakurugenzi ilikuwa tayari imeanza kuelekeza macho yake kwingine. Kampuni ilikuwa imenunua biashara za trekta ndogo, vilainishi vya injini na bidhaa nyinginezo zilizoleta faida. Kadiri biashara hizo zilivyostawi, ndivyo magari yalivyoonekana kuwa mzigo.

Novemba 1963 Egbert, aliyekuwa akiugua saratani, aliondoka. Mrithi wake, Byers Burlingame, ndiye aliyetangaza Desemba 9 kwamba kiwanda cha South Bend kingefungwa. Uundaji uliendelea kwa kiwango kidogo katika kiwanda cha Hamilton, Kanada, hadi Machi 1966, ambapo gari la mwisho kabisa la Studebaker lilitoka.

Ahadi ni deni

Kwa wafanyakazi wengi, kupoteza kazi kulikuwa nusu tu ya msiba.

Tangu mwaka wa 1950, kampuni na chama cha wafanyakazi walikuwa wamekubaliana kuwa na mpango wa pensheni. Mfanyakazi alipewa hesabu ya miaka aliyotumikia, hata ile iliyotangulia mkataba. Mtu aliyeanza kazi mwaka wa 1925 alihesabiwa miaka hiyo yote.

Tatizo lilikuwa kwamba pesa za miaka hiyo ya nyuma hazikuwa zimewekwa popote. Mpango ulikuwa wa kuzichanga polepole kwa kipindi cha miaka 30. Juu ya hayo, kila mkataba mpya ulipoongeza malipo, pengo liliongezeka. Mradi kampuni ingeishi, pengo hilo lingezibwa siku moja. Kampuni haikuishi.

Mpango huo ulipovunjwa mwaka wa 1964, ulikuwa na wanachama wapatao 10,500. Wastaafu na waliokuwa wamefikisha umri wa miaka 60, jumla yao kama 3,600, walipata haki yao kamili. Malipo yao yalimeza sehemu kubwa ya pesa zilizokuwepo.

Kundi la pili lilikuwa la watu zaidi ya 4,000, wenye umri wa kati ya miaka 40 na 59 na waliotumikia angalau miaka 10. Hao walipewa takriban asilimia 15 ya thamani ya pensheni yao, kwa mkupuo mmoja uliokuwa wastani wa karibu dola 600. Miongoni mwao kulikuwa na watu waliotumikia kiwanda kwa zaidi ya miaka 20, waliokuwa wazee mno kwa mwajiri mpya na vijana mno kwa pensheni.

Waliosalia, takriban 2,900, hawakupata hata senti.

Wahenga walisema ahadi ni deni, lakini sheria ya Marekani ya wakati huo haikusema hivyo. Kwa mujibu wa mkataba, wajibu wa kampuni uliishia kwenye pesa ilizokuwa imekwisha kuchanga. Studebaker haikuvunja sheria. Kampuni yenyewe iliendelea kuwepo, ikiwa na biashara zake nyingine, na mwaka wa 1967 ikaungana na nyingine kuwa Studebaker-Worthington. Magari ndiyo yaliyokufa, pamoja na matumaini ya walioyaunda.

Chama cha wafanyakazi wa magari, UAW, kilikibeba kisa hicho hadi Washington. Mwaka wa 1964 Seneta Vance Hartke wa Indiana aliwasilisha mswada wa kutaka pensheni ziwekewe bima, jinsi akiba za watu benki zilivyowekewa bima baada ya masaibu ya miaka ya 1930. Seneta Jacob Javits wa New York akaupanua mjadala huo kwa miswada yake kuanzia mwaka wa 1967.

Waajiri wengi walipinga. Ilichukua miaka 10 ya mivutano kabla ya Rais Gerald Ford kutia saini, Septemba 2, 1974, sheria inayojulikana kwa kifupi kama ERISA. Siku hiyo ilikuwa Sikukuu ya Wafanyakazi ya Marekani.

Sheria hiyo iliwalazimu waajiri waliokuwa na mipango ya pensheni ya aina hiyo kutenga pesa za kutosha. Iliweka pia muda ambao mfanyakazi akiutimiza, haki yake haiwezi kunyang'anywa hata akiachishwa kazi. Mwisho, iliunda shirika la bima, PBGC, linalochukua jukumu la kulipa mpango wa pensheni unapovunjika, kwa viwango vilivyowekewa kikomo na sheria.

Kwa watu wa South Bend ilikuwa dawa iliyofika baada ya mazishi. Sheria haikurudi nyuma kuwafidia. Lakini viwanda vya chuma na mashirika ya ndege yalipofilisika Marekani katika miongo iliyofuata, mamia ya maelfu ya wastaafu waliendelea kupata malipo kutoka kwa shirika hilo.

Kilichosalia

Haki za kuunda Avanti zilinunuliwa na wauzaji wawili wa magari wa South Bend, Nathan Altman na Leo Newman, ambao waliendelea kuliunda kwa idadi ndogo. Lilipita mikononi mwa wamiliki kadhaa hadi miaka ya 2000.

Kiwanda kimoja cha Studebaker kilichokuwa na kandarasi ya malori ya kijeshi kilichukuliwa na kampuni ya Kaiser Jeep mwaka wa 1964. Kutokana na urithi huo ilizaliwa AM General, kampuni iliyoliundia jeshi la Marekani magari ya Humvee katika mji jirani wa Mishawaka. Mji ulioanza kwa kuliundia jeshi magari ya farasi ukawa bado unaliundia jeshi magari.

Mjini South Bend kwenyewe, makavazi ya Studebaker yamehifadhi magari ya farasi na ya injini ya kila enzi. Humo limo pia gari la farasi lililompeleka Rais Abraham Lincoln kwenye ukumbi wa maigizo usiku aliopigwa risasi mwaka wa 1865, ambalo kampuni ililinunua baadaye kwa ajili ya mkusanyiko wake.

Majengo mengi ya kiwanda yalibomolewa baada ya kukaa mahame kwa miongo. Moja kati ya yaliyosalia lilifanyiwa ukarabati na kugeuzwa kuwa la ofisi, na mnamo Aprili 2019 Pete Buttigieg, aliyekuwa meya wa mji huo, alilitumia kuzindulia kampeni yake ya kuwania urais.

Nje ya mji, katika uwanja wa zamani wa majaribio ambao sasa ni bustani ya umma, ilipandwa misonobari kwa maelfu mwishoni mwa miaka ya 1930. Aliyeitazama kutoka ndegeni aliona kwamba ilipangwa ikaandika STUDEBAKER kwa herufi zenye kuenea karibu nusu maili.